Mafuta Yakimwagika Baharini Hayazoleki

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja cha wavuvi)



Nimeombwa nizungumze juu ya mafuta yanapomwagika baharini. Nitawasimulia ajali moja iliyotokea Marekani mwaka 1989. Nimeichagua hiyo kwa sababu imechunguzwa kwa miaka mingi, na mambo yake yanajulikana vizuri.

Kwanza tuanze na jambo la nyumbani. Tuseme mama ana mtungi wa maji ya kunywa. Mtoto anapita na kibatari, mafuta ya taa yanamwagika mtungini, kama kijiko kimoja tu. Mama atafanya nini? Hataanza kuyachota yale mafuta kwa kata. Anajua hayachoteki. Atamwaga maji yote, atausugua mtungi kwa mchanga, na hata hivyo siku mbili tatu maji yatanuka mafuta. Sivyo?

Basi, mtungi unaweza kumwagwa maji, bahari je? Utaimwaga wapi?

MELI YAPANDA MWAMBA

Marekani kuna jimbo liitwalo Alaska. Liko mbali sana kaskazini, kwenye baridi kali. Huko kuna ghuba iitwayo Prince William Sound, yenye visiwa vingi na misitu inayofika mpaka majini. Watu wa hapo ni wavuvi. Wenyeji wa asili wamekula vya bahari hiyo kwa maelfu ya miaka: samaki, sili, kome na mayai ya samaki.

Mafuta huchimbwa upande mwingine wa jimbo hilo. Tangu mwaka 1977 hupita katika bomba lenye urefu wa kilomita 1,300 mpaka bandari ya Valdez, nayo hupakiwa melini.

Usiku wa tarehe 23 Machi, 1989, saa 3 na dakika 12, meli iitwayo Exxon Valdez iliondoka bandarini hapo. Urefu wake ulikuwa mita 300, yaani kama viwanja vitatu vya mpira vikiunganishwa. Ilibeba lita milioni 200 za mafuta ghafi, yaani mafuta meusi mazito ambayo hayajasafishwa.

Njiani kulikuwa na mapande ya barafu yakielea. Nahodha akawaarifu walinzi wa pwani, akaitoa meli katika njia yake ya kawaida ili kuikwepa barafu. Kisha akamwachia meli afisa wa tatu, akamwambia mahali pa kugeuza kurudi njiani, naye akashuka chumbani kwake. Meli haikugeuzwa kwa wakati. Saa 6 usiku na dakika 4 ikapanda mwamba uitwao Bligh Reef. Mwamba huo haukuwa mgeni. Ulikuwa katika ramani, na mabaharia wote waliujua.

Meli ilikuwa na matangi 11 ya mafuta. Manane yakapasuka. Lita milioni 41 zikamwagika baharini. Ukizitia katika madebe ya lita 20, ni madebe zaidi ya milioni 2.

NI NANI ALIYEKOSA?

Watu wengi walisema: kosa ni la nahodha, alikuwa amelewa. Ni kweli kwamba alikunywa pombe mchana ule alipokuwa nchi kavu. Lakini mahakama haikumtia hatiani kwa ulevi. Ilimtia hatiani kwa uzembe uliosababisha mafuta kumwagika.

Bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali iliangalia zaidi ya nahodha. Ilisema nahodha hakuwa mahali pake pa kazi, na kwamba pombe ilimpunguzia uwezo. Lakini pia ilisema afisa aliyeachiwa meli alikuwa amechoka kwa kazi nyingi. Ilisema kampuni haikuweka nahodha anayefaa wala mabaharia wa kutosha. Na ilisema walinzi wa pwani hawakuwa na utaratibu mzuri wa kuziangalia meli. Mnaona? Mwamba ulikuwa mmoja, lakini waliolala walikuwa wengi.

Kwa nini walilala? Kwa sababu ya mazoea. Tangu mwaka 1977 meli za mafuta zilikuwa zimepita hapo zaidi ya mara 8,000 bila balaa kubwa. Wazee wetu wamesema, mazoea yana taabu.

Mpango wa dharura ulikuwapo. Uliandikwa vizuri kwenye karatasi. Ulisema mafuta yakimwagika, vifaa vifike mahali pa ajali katika saa 5. Lakini wapi! Tishari la kubebea vifaa lilikuwa limeharibika, na vifaa vyake vilikuwa vimeshushwa. Vingine vilikuwa vimefukiwa na theluji. Zikapita zaidi ya saa 10 kabla tishari halijafika.

Bahari ilikuwa shwari kwa siku tatu. Hizo ndizo siku za kufanya kazi, nazo zikapotea kwa kutafuta vifaa na kubishana. Kisha dhoruba kali ikavuma, ikayatawanya mafuta kila upande. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuyazuia.

MAFUTA YALIVYOUA

Mafuta yalisafiri kilomita 750 kutoka pale mwambani. Yalipaka ufuko wenye urefu wa kilomita 2,100. Hebu fikirini safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Mkienda na kurudi, mtakuwa mmekaribia urefu huo. Si kila mahali palipakwa sawasawa, lakini penye mengi mawe yote yalikuwa meusi na mguu ulizama katika ujiji.

Ndege wa baharini huelea na kupata joto kwa sababu manyoya yao hayapitishi maji. Manyoya yakiingia mafuta, maji hupenya mpaka kwenye ngozi. Ndege anashikwa na baridi. Anajaribu kujisafisha kwa mdomo, anameza mafuta, nayo yanamuua kwa ndani. Inakadiriwa ndege 250,000 walikufa.

Kuna mnyama aitwaye fisi-maji wa baharini. Sili ana mafuta mazito chini ya ngozi ya kumkinga na baridi, lakini fisi-maji huyu hana. Kinga yake ni manyoya tu. Kwa hiyo yalimpata yaliyompata ndege. Inakadiriwa fisi-maji 2,800 walikufa. Sili walikufa kama 300, na tai wenye kichwa cheupe kama 250. Kundi moja dogo la nyangumi wauaji lilipoteza wengi, na tangu ajali hiyo halijaonekana na mtoto mpya. Wataalamu wanasema kundi hilo litakwisha.

Samaki nao je? Samaki mkubwa anaweza kukimbia. Yai haliwezi kukimbia. Samaki aitwaye samoni hutaga katika vijito vinavyoingia baharini. Mayai mengi yalikufa kwa sumu ya mafuta iliyobaki kwenye changarawe, na si mwaka ule mmoja tu. Heringi ni samaki wadogo waendao kwa makundi, kama dagaa wetu. Mwaka 1993 walipungua ghafla. Wataalamu bado wanabishana kama sababu ni mafuta, magonjwa au yote pamoja. Lakini wavuvi wa heringi hawajaipata tena kazi yao kama ilivyokuwa zamani.

WATU WENYEWE

Katika ghuba hiyo kuna kijiji cha wenyeji wa asili kiitwacho Chenega. Mwaka 1964, siku ya Ijumaa Kuu, tetemeko la ardhi lilileta wimbi kubwa lililokifuta kijiji na kuua karibu theluthi moja ya watu wake. Waliobaki walitawanyika. Mwaka 1984 walijenga upya katika kisiwa kingine, wakasema sasa tumerudi baharini kwetu. Mwaka 1989 mafuta yakamwagika, nayo yakafika mpaka kwenye kisiwa chao. Siku ya ajali ilikuwa tena Ijumaa Kuu.

Watu hawa hawakununua chakula chao chote dukani. Walikitoa baharini. Sasa wakaogopa kula kome, wakaogopa kula sili. Mama hakujua kama alichopika ni chakula au ni sumu. Vijana waliokuwa wakijifunza kuvua na wazee wao wakakaa bure. Ndugu zangu, wanakijiji wakiacha kwenda baharini kwa misimu kadhaa, hupoteza chakula, na hupoteza pia ujuzi wa kukipata.

Katika mji wa wavuvi uitwao Cordova mambo yaliharibika kwa namna nyingine. Kampuni ilikodisha mashua za kusafishia. Aliyekodishiwa alipata fedha nyingi. Jirani yake hakupata kitu. Ikazuka chuki kati ya watu waliokuwa wakisaidiana kuvuta nyavu. Watafiti waliokwenda katika miji na vijiji hivyo waliona huzuni na ulevi vimeongezeka.

KIKOSI CHA MBU

Lakini kuna jambo moja jema, nalo nataka mlishike sana.

Katika ghuba ile kulikuwa na vituo vya kutotolea vifaranga wa samoni. Vifaranga hao ndio waliokuwa riziki ya wavuvi kwa miaka iliyofuata. Mafuta yakiingia humo, basi. Wavuvi wa Cordova hawakungoja kuambiwa. Walichukua mashua zao wenyewe. Walitafuta maboya marefu yanayoungana kama uzio, wakayatandaza mbele ya vituo. Mafuta yaliyokaribia waliyachota kwa ndoo. Ndiyo, kwa ndoo za mkono! Watu wakawaita kikosi cha mbu, maana walikuwa wadogo na wengi. Vituo vikaokolewa.

Kampuni ilikuwa na fedha, lakini haikuwa tayari. Wavuvi walikuwa na ndoo tu, lakini waliijua bahari yao. Walijua maji yanakwenda wapi saa ngapi, na walijua kipi kiokolewe kwanza.

KUSAFISHA KULIVYOKUWA

Kazi ya kusafisha ilichukua miezi ya joto ya mwaka 1989, ikarudiwa miaka iliyofuata. Mwaka wa kwanza walifanya kazi watu zaidi ya 10,000 na vyombo kama 1,000.

Juu ya maji walitumia mashine za kuengua mafuta, kama mama anavyoengua malai juu ya maziwa. Lakini mafuta ghafi yakipigwa na mawimbi huchanganyika na maji, yakawa mazito kama uji. Mashine zikaziba. Ufukoni watu walipangusa mawe kwa vitambaa, jiwe moja moja. Usiku maji yalijaa, asubuhi mawe yale yale yalikuwa meusi tena.

Kisha wakaleta maji ya moto. Waliyarusha kwa mipira yenye nguvu ili kuyang'oa mafuta mawe yarudi meupe. Kwa macho ilipendeza. Lakini maji yale yalikuwa ya moto wa kuunguza. Yaliua kome, konokono na mwani waliokuwa wamepona mafuta. Yalisukuma mafuta mengine chini ya changarawe. Wataalamu waliacha sehemu fulani bila kuoshwa ili walinganishe. Wakaona kwamba viumbe wa sehemu zilizooshwa kwa maji ya moto walichelewa zaidi kurudi.

Njia nyingine ilikuwa kunyunyiza mbolea. Mtashangaa, mbolea ya nini ufukoni? Katika mchanga kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hula mafuta. Mbolea huvipa nguvu vizaliane, kama inavyoupa nguvu mhindi. Njia hii ilisaidia mahali fulani, lakini mafuta yaliyozama chini sana vijidudu havikuyafikia.

Sasa tupige hesabu, maana ninyi ni wanakisomo. Watafiti wa serikali ya Marekani walikadiria mafuta yote yalikwenda wapi mpaka mwaka 1992. Chukueni madebe 100 ya mafuta yaliyomwagika:

Madebe 50 yaliliwa na vijidudu na kuharibiwa na jua.
Madebe 20 yalipaa hewani.
Madebe 14 yalizolewa na watu.
Madebe 13 yalizama chini ya bahari.
Madebe 2 yalibaki ufukoni.
Kilichobaki ni kidogo sana.

Angalieni hapo. Watu 10,000, vyombo 1,000, fedha zaidi ya dola bilioni 2 za kampuni, na kilichozolewa ni madebe 14 tu kati ya 100. Nayo yale madebe 2 ya ufukoni msiyadharau. Mwaka 2001, yaani miaka 12 baadaye, wataalamu walichimba mashimo karibu 9,000 katika fukwe 91. Katika zaidi ya nusu ya fukwe hizo walikuta mafuta bado yapo chini ya mawe. Fisi-maji walioishi hapo na kufukua chaza wao ilichukua takriban miaka 25 mpaka idadi yao ikasemwa imerudi.

HAKI ILIYOCHELEWA

Wavuvi na wenyeji zaidi ya 30,000 walikwenda mahakamani. Mwaka 1994 wazee wa baraza waliiamuru kampuni ilipe adhabu ya dola bilioni 5. Kampuni ikakata rufaa, tena na tena. Mwaka 2008 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikaipunguza adhabu hiyo mpaka dola milioni 507 na nusu. Ilikuwa imepita miaka 19. Wadai wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo msidhani fidia ni mahali pa kukimbilia. Aliyelipwa kaburini hakulipwa.

WALIJIFUNZA NINI?

Yako mambo matatu.

Kwanza, sheria. Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria kwamba meli za mafuta ziwe na ngozi mbili, kama sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine. Ya nje ikitoboka, ya ndani inabaki. Sheria ilitoa muda wa kubadili meli, na tangu mwaka 2015 meli za ngozi moja haziruhusiwi kubeba mafuta huko.

Pili, kusindikizwa. Katika ghuba ile meli iliyojaa mafuta husindikizwa na meli mbili ndogo zenye nguvu za kuvuta. Ikipotea njia au injini ikizimika, zinaishika.

Tatu, wananchi. Mwaka huo huo wa 1989 liliundwa baraza la wananchi wa eneo hilo. Ndani yake wamo wavuvi, wenyeji wa asili na wajumbe wa miji na vijiji. Kampuni zinazosafirisha mafuta ndizo zinazoligharamia, lakini haziliamrishi. Baraza linakagua mipango, linauliza maswali, linasema panapolegea. Na mashua za wavuvi mia kadhaa zimeandikishwa. Kila mwaka wanafanya mazoezi ya kutandaza uzio na kuengua mafuta. Kikosi cha mbu sasa kina vifaa na mafunzo.

NA SISI?

Mtauliza, Alaska ni mbali, sisi inatuhusu nini? Meli za mafuta huingia Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Na bahari yetu hii ya Hindi imekwisha kuonja. Tarehe 25 Julai, 2020, meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius. Haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa meli ya mizigo, yenye mafuta ya injini yake tu. Ilikaa mwambani siku 12, kisha ikaanza kuvuja. Kama tani 1,000 zikaingia katika maji ya matumbawe na mikoko. Wananchi wakashona vitambaa virefu kama magunia, wakavijaza majani makavu ya miwa, wakavielesha baharini viwe uzio. Ni kikosi cha mbu kingine. Walifanya kazi nzuri, lakini siku zile 12 hazikurudi.

Kwa hiyo nawaombeni mambo ya kuanzia. Oili chafu ya injini za mashua tusiimwage majini. Tuikusanye katika dumu na kuipeleka mahali inapopokelewa. Mkiona mafuta yanaelea, au meli imekwama mwambani, toeni habari saa ile ile kwa uongozi wa kijiji na wa wilaya. Msingoje kuona. Mkiyakuta mafuta ufukoni msiyashike kwa mikono mitupu, na msipeleke sokoni samaki waliopakwa mafuta.

Tena, kama bomba au bandari ya mafuta ipo karibu nanyi, ombeni kuuona mpango wa dharura. Sasa mnajua kusoma. Usomeni. Kisha mwulize mtu anayehusika: vifaa viko wapi? Leo vinafanya kazi? Maana huko Valdez karatasi ilikuwa safi, na tishari lilikuwa bovu.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta nayo ndiyo kabisa. Kazi yetu ni kabla hayajamwagika.

Nawaachia maswali haya mkayajadili katika vikundi vyenu:

1. Katika kijiji chetu, oili chafu humwagwa wapi?
2. Meli ikikwama usiku mbele ya kijiji chetu, nani atapewa habari kwanza, na kwa njia gani?
3. Tukipewa saa tatu tu kabla mafuta hayajafika, ni mahali gani pa bahari yetu tutapakinga kwanza?

Swali la tatu mwalimu hawezi kuwajibia, wala mimi siwezi. Wanaoweza ni ninyi mnaoijua bahari hii. Jibu lake liandikeni, lisomwe katika mkutano wa kijiji, lihifadhiwe ofisini.